Mama Mizani na Mafuta ya Paka

Aliyekwenda kununua dawa ya mnyama kwa Mama Mizani alijua kwamba hatatoka na dawa hiyo kabla ya kuulizwa swali moja, na swali lenyewe lilikwisha kuwachosha wengi. Duka lake lilikuwa na mlango wa kijani na rafu za chupa zilizopangwa kwa vimo kama wanafunzi mstarini. Katikati ya sakafu, mahali ambapo wenye maduka wengine wangeweka kiti cha mteja, palikaa mizani ya bapa iwezayo kubeba mbuzi. Juu ya kaunta ilikuwapo nyingine ya sungura na paka, na ndani ya saraka, chini ya kitambaa cheupe, ndogo kuliko zote, ya kupimia unga wa dawa. Alikuwa daktari wa mifugo kwa elimu na kwa cheti kilichoning'inia ukutani, lakini pale mtaani hakuna aliyemwita daktari.

"Naomba vidonge vya choa," alisema muuza maziwa asubuhi moja, akitua madumu yake mlangoni. "Ndama wangu amejaa mabaka usoni, utadhani amepigwa mihuri."

"Ana uzito gani?"

"Uzito wa ndama."

"Wapo ndama na ndama."

"Huyu ni mwembamba kuliko mimi, Mama Mizani, na ni mzuri kuliko mimi."

"Hilo la pili nimeliamini bila kupima. La kwanza halina haja, maana vidonge sikupi. Dawa ya choa ya kunywa haiendi kwa ng'ombe ambaye watu watakunywa maziwa yake na kula nyama yake. Mtoe nje apate jua, mlishe vizuri, mtenge na wenzake, na mabaka uyaoshe kwa hii. Choa cha ndama huondoka chenyewe, kama mgeni aliyeona hakupikiwa."

Muuza maziwa alicheka, akabeba chupa na madumu yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Watu walitaka kidonge, yeye akawapa maelezo kwanza. Na kwa kuwa maelezo yake yalikuwa ya kweli, walirudi.

Imani yake katika jambo hili haikuyumba. Choa, ile kuvu ya ngozi, ni kimoja kwa jina, lakini wanyama si wamoja kwa matumbo yao wala kwa maini yao. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Na kidonge ambacho mbwa mkubwa atakimeza asijue kama kimepita, kitamtapisha paka na kumlaza chali. Mwenyezi Mungu aliyeumba kila kiumbe kwa kadiri yake hakumruhusu mwanadamu kutibu kwa kukisia. Kwa hiyo Mama Mizani alipima, na baada ya kupima alitoa maagizo kwa mtindo wake mwenyewe, ambao wateja waliuiga kwa mzaha hata mitaani. Alitaja mnyama, akatua, kisha akataja la kufanya, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya serikali. "Mbuzi, kijiko kimoja. Kuku, ndani ya maji. Sungura, nusu." Hakupoteza neno. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akisema kwamba hata nyumbani mkewe huagiza hivyohivyo: "Baba, sukari. Watoto, usingizi."

Basi katika mwaka huo choa kiliingia nyumbani kwa shangazi yake.

Huyu shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Alikuwa mwalimu wa lugha maisha yake yote, hakupata mtoto, na alipostaafu aliijaza nyumba yake kwa viumbe ambao wengine wamewatupa. Walikuwapo paka ambao idadi yao hakupenda kuulizwa, mbwa mzee aliyeitwa Jemadari, sungura waliookolewa kutoka shule moja iliyofunga banda lake, na punda mmoja kilema aliyewahi kuvuta mkokoteni wa maji. Ua la nyumba lilikuwa na milango miwili, na watoto wa mtaa walilikatiza kila asubuhi wakienda shule, wakiwashika paka vichwa huku na huku kama watu wanaogusa mizigo ya jirani kujua kuna nini ndani.

Paka mmoja alianza kunyonyoka sikioni. Baada ya muda mfupi wanyama wote walikuwa na mabaka ya mviringo, na watoto wa mtaa nao wakaota mapunye vichwani. Mama zao walipolinganisha vichwa na kuulizana njia, wote walifika kwenye ua lilelile. Wakamshitaki kwa Bwana Afya.

Bwana Afya alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye kuvaa glavu hata kabla hajafika mahali pa kuzivalia. Hakuwa mbaya, alikuwa mtu wa sheria. Alisimama uani, akawaangalia wanyama mmoja baada ya mwingine, kisha akamwambia Shangazi mbele ya Mama Mizani:

"Bibi, nakupa nafasi ya kuwatibu. Baada ya hapo nitachukua nywele zao nizipeleke maabara. Kuvu ikiota, itanibidi niwaondoe."

"Uwaondoe uwapeleke wapi?" akauliza Shangazi.

Bwana Afya aliangalia glavu zake. "Unajua, Bibi."

Alijua. Mama Mizani alimwona shangazi yake akikaa taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja juu ya mgongo wa Jemadari, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mwanamke yule akikaa juu ya ndoo.

Siku ileile alileta mizani zake kwa mkokoteni, na kazi ikaanza. Jemadari alipanda bapa kwa utulivu wa mzee aliyezoea hospitali. Sungura walipimwa ndani ya kapu. Punda hakuwa na mizani ya kumtosha, kwa hiyo Mama Mizani alitumia utepe wa mumewe, akamzungushia kifuani nyuma ya mabega, akapima na urefu wake, akakokotoa uzito kwa kanuni aliyoijua. Paka walikuja mmoja mmoja. Yule mnene wa rangi ya majivu, aliyeitwa Karani kwa sababu alipenda kulala juu ya karatasi, alikataa kushuka baada ya kupimwa, akionekana kuridhika na alichokisoma. Paka mmoja, Bibi Harusi, alikuwa na mimba. Mama Mizani alimpapasa tumbo, akamweka pembeni.

"Huyu hanywi dawa hii kabisa. Inawadhuru walio tumboni. Yeye ataogeshwa tu kwa maji ya salfa, na atakaa chumba chake."

"Na harufu ya salfa?"

"Utamzoea, Shangazi. Hata yeye atakuzoea wewe."

Dawa yenyewe ilikuwa ile ya siku nyingi, griseofulvini, inayojulikana hata na wazazi waliotibiwa mapunye utotoni. Ina tabia moja ambayo asiyeijua hupoteza kazi yake yote: haiingii mwilini sawasawa pasipo mafuta. Mnyama akiimeza tumboni mkiwa na maji tu, sehemu kubwa hupita kama msafiri asiyeshuka kituoni. Mama Mizani aligawa vidonge na unga kwa uzito wa kila mmoja, akavifunga katika vijikaratasi. Nje, mteja alikuwa akimwita kwa honi ya pikipiki. Akasimama mlangoni mwa ua, akatoa maagizo kwa mtindo wake:

"Mbwa, kidonge ndani ya nyama ya mafuta. Sungura, unga ukorogwe kwa matone ya mafuta ya kula, umtilie mdomoni kwa bomba. Punda, unga ndani ya pumba zenye mafuta. Paka, mafuta kwanza, ndipo dawa."

"Nimesikia," akasema Shangazi, ambaye hakupenda kuambiwa jambo mara mbili. "Nenda, mwanangu, pikipiki ya watu inapasuka."

Majuma yakapita. Mabaka ya Jemadari yalianza kuota manyoya mapya, laini kama ya mtoto. Sungura wakapona. Punda akaanza kusuguliwa shingo bila kuruka. Hata Bibi Harusi, kwa salfa yake, alipata nafuu. Lakini paka wengine wote walibaki vilevile, na wawili walizidi. Mama Mizani alikuja kila mara kwa miadi, akawakuta wasafi, wakavu, wamekaa mstarini wakinukia sabuni; akawamulika kwa taa yake ya zambarau katika chumba chenye giza, na nywele zao zikang'aa kijani kibichi, dalili ya kuvu, rangi ambayo kwingine kokote ingekuwa nzuri.

"Unawapa kama nilivyosema?"

"Sijaruka siku hata moja," akajibu Shangazi, na uso wake ukaingia uzito. "Unaniuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza wasiofanya kazi ya nyumbani."

Mama Mizani hakumtilia shaka. Alirudi dukani, akapima tena vidonge vilivyobaki. Uzito ulikuwa sahihi. Akapima mizani kwa mawe yake ya shaba. Mizani zilikuwa za kweli. Jioni alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa akipindua suruali ya mtu kwenye cherehani.

"Ongeza dozi," akasema fundi. "Mimi nguo ikibana, naachia pindo."

"Ini la paka halina pindo, mume wangu."

"Basi badilisha dawa."

"Nibadilishe kwa sababu gani? Mbwa amepona kwa hiyohiyo. Sungura amepona. Nikibadilisha bila kujua kilichotokea, nitakuwa nimekimbia swali. Na nikiongeza, nitakuwa nimelijibu kwa kukisia."

Fundi alisimamisha cherehani. Alimjua mkewe: akisema maneno marefu hivyo, moyo wake umeinama. "Unamwogopa Bwana Afya?"

"Namwogopa Shangazi akikaa tena juu ya ile ndoo."

Tamaa ya kuongeza ilimsumbua kweli. Ilikuwa rahisi: vidonge vilikuwapo, paka walikuwapo, na hakuna ambaye angemlaumu daktari kwa kujaribu. Lakini alipoomba dua yake ya jioni, na kufika mahali anapomwomba Mola amwonyeshe haki kuwa haki, aliona aibu kuomba aonyeshwe jambo ambalo hajakwenda kulitazama. Dawa alikuwa ameipima. Wagonjwa alikuwa amewapima. Kitu kimoja hakuwahi kukiona kwa macho yake: namna dawa inavyopita kutoka mkononi kwenda mdomoni. Siku zote alifika kwa miadi, baada ya kazi kwisha.

Asubuhi iliyofuata alikwenda bila miadi.

Alimkuta Shangazi uani, amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, taulo mapajani, na ndani ya taulo Karani, kichwa tu nje. Pembeni palikuwa na kopo kubwa la mafuta ya mgando, yale ambayo kina mama huwapaka watoto baada ya kuoga. Paka wawili walikwisha hudumiwa. Walikaa juani wakimeremeta kutoka pua hadi mkia kama viatu vya askari, na nyuso zao zilionyesha kwamba wamekata tamaa na wanadamu. Shangazi alichota mafuta kwa vidole viwili, akampaka Karani masikioni kwa upendo mwingi. Kisha akamfungua kinywa, akatumbukiza kidonge, akamsindikizia maji kidogo kwa bomba.

Mama Mizani alishika nguzo ya mlango.

"Shangazi. Unafanya nini?"

"Ulichoniagiza." Shangazi hakuinua kichwa. "Na leo hukuniarifu kama unakuja, kwa hiyo utawaona walivyo."

"Mimi niliagiza hivi?"

"Kwa maneno yako. Paka mafuta kwanza, ndipo dawa. Ninapaka mafuta kwanza, ndipo natoa dawa."

"Nilisema paka, mafuta kwanza."

"Ndivyo nilivyosema mimi."

"Paka huyu, Shangazi. Paka, mnyama."

"Na huyu mnyama ndiye ninayempaka. Ulitaka nimpake punda?"

Mama Mizani alisikia sentensi yake mwenyewe ikirudi kutoka mlangoni pale aliposimama siku ile na honi ikilia, na kwa mara ya kwanza aliisikia kwa masikio ya mtu mwingine. Akakaa chini, hapohapo kizingitini.

"Nilitaka ale mafuta," akasema polepole. "Kipande cha mafuta ya nyama, ndani ya tumbo lake, dawa ipate kushikwa. Hiki kidonge bila mafuta tumboni kinapita tu. Ndiyo maana mbwa kapona na paka hawakupona."

Shangazi alimtazama Karani, akatazama kopo, akamtazama mpwa wake. Kitu fulani kilipita usoni mwake ambacho wanafunzi wake wa zamani wangekitambua na kukaa wima.

"Kitenzi," akasema.

"Nini?"

"Kitenzi, mwanangu. Umenipa sentensi isiyo na kitenzi, na mimi ni mwalimu. Nikakitafuta, nikakikuta palepale mbele: paka. Na kwa kuwa Bibi Harusi ulisema aogeshwe, nikaona wenziwe kupakwa ni haki yao. Ungesema 'umpe paka mafuta ale', ungekuwa umepungukiwa na nini?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka hiyo imewapaka paka wangu mafuta kopo zima."

"Lakini nilipokuja walikuwa wakavu siku zote. Wasafi."

"Nimkaribishe daktari kwa wagonjwa wanaoteleza? Nilikuwa nawaogesha kabla hujafika. Ile sabuni wameichukia kuliko ugonjwa."

Kicheko kilianza kwa Mama Mizani, kikatoka puani kwanza, kisha kikamshinda. Shangazi alijaribu kubaki mkali, akashindwa. Na Karani, akiona taulo limelegea, alichomoka mikononi mwake, akateleza sakafuni kama samaki, akapotea chini ya mkokoteni. Wanawake wawili walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za taulo lenye mafuta, wakazidi kuyasambaza usoni.

Lakini kicheko kilipotulia, muda wa Bwana Afya ulikuwa umekaribia kwisha, na Mama Mizani alijua kwamba dawa hii haifanyi kazi ya majuma kwa siku chache. Hakungoja kuitwa. Aliosha uso, akaenda ofisini kwa Bwana Afya, akasimama mbele ya meza iliyopanguswa ikang'aa, na kumweleza jambo lote, pamoja na kopo la mafuta.

Bwana Afya alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu, ingawa mdomo wake ulimpa kazi.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"Langu. Dawa niliipima, neno sikulipima. Dozi ni sahihi. Haijapata kufika ilikotakiwa. Nipe muda wa kuifikisha."

"Na ikishindikana?"

"Ikishindikana utafanya kazi yako, nami nitasimama pale mlangoni nikuone ukiifanya. Sitajificha."

Bwana Afya aligeuza kalamu mkononi. "Nimewahi kuletewa visingizio vya kila namna kuhusu wanyama, Mama Mizani," akasema hatimaye. "Hiki ni cha kwanza chenye sarufi. Nakupa muda huo, mara moja tu."

Tangu siku hiyo hakuna dawa iliyotolewa nyumbani kwa Shangazi pasipo Mama Mizani kuona. Aliwapima paka upya, maana wagonjwa hupungua, na dozi hufuata mwili wa leo. Kila asubuhi kipande cha mafuta ya nyama kilitangulia, nyuma yake kidonge, kisha kipande kingine kuhakikisha. Karani, aliyekuwa ameanza kukimbia kwa kusikia tu kifuniko cha kopo, alijifunza haraka kwamba mambo yamegeuka, na sasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Shangazi alifua vitambaa, akachoma matandiko ya zamani, akapangusa sakafu kwa dawa. Agizo lolote alilopewa alilirudia kwa sauti, na likikosa kitenzi alilikataa.

"Paka, nyama..."

"Sikusikia."

"Uwape paka nyama ya mafuta, Shangazi, kisha uwameze dawa."

"Uwameze? Niwameze mimi?"

"Uwamezeshe."

"Sasa tunaelewana."

Nywele zilianza kurudi. Zilikuja kwanza masikioni, kwa rangi hafifu, kisha usoni, kisha miguuni. Mama Mizani aliingia na taa yake ya zambarau, akafunga dirisha, akammulika Karani. Kijani kilikuwa kimepungua, kimebaki nchani mwa nywele tu kama umande. Safari iliyofuata hakikuwapo kabisa. Alizima taa, akaiwasha tena, akammulika paka yule mbele na nyuma mpaka akapigwa kofi la mkono laini. Hapo ndipo alipopumua.

Bwana Afya akaja kuchukua nywele. Alileta miswaki mipya ndani ya karatasi zake, mmoja kwa kila mnyama, maana hiyo ndiyo njia ya kuokota kuvu isiyoonekana, na akaanza kuwachana.

"Maisha yangu yote nimewaomba watoto wa watu wapige mswaki," Shangazi akanong'ona. "Leo paka wangu wamepigwa na serikali."

Wakangoja maabara. Kuvu huota polepole, nayo maabara haiharakishwi. Siku hizo Mama Mizani alipima dukani kama kawaida, lakini mumewe aliona anaweka chumvi mara mbili kwenye chakula, akanyamaza kama mtu mwema.

Bwana Afya alipokuja na majibu, alikuja kwa miguu, na Mama Mizani, aliyekuwa uani akimpima punda, alijaribu kumsoma kwa mwendo wake na hakuweza. Alisimama katikati ya ua. Akavua glavu, moja, kisha nyingine, akaziweka mfukoni.

"Hakuna kilichoota," akasema. "Kwa mnyama hata mmoja. Bibi, wanyama wako ni wazima."

Shangazi alifika hadi mlango wa pili wa ua, uliokuwa umefungwa kwa komeo tangu siku ya mashitaka, akaweka mkono juu ya komeo, akageuka.

"Walionishitaki wako nje pale, wamekuona ukiingia," akasema. "Mimi nikiwaambia watasema ni upendo wa paka. Mpwa wangu akiwaambia watasema ni undugu. Kawaambie wewe, kwa kinywa chako, na tafadhali uanze kwa kitenzi."

Bwana Afya alimtazama Mama Mizani kama anayeomba msaada. Mama Mizani alikunja utepe wa mumewe taratibu na kusubiri. Shangazi akavuta komeo.

Kina mama walikuwapo, kweli, na watoto waliopona vichwa nyuma ya nguo zao. Bwana Afya alisimama kizingitini, akasafisha koo, na kwa sauti ileile ya ofisi akasema:

"Piteni. Ua hili limepimwa, nalo ni salama. Waliopimwa ndani ni wazima wote."

Mtoto mmoja, ambaye hakuwa na subira ya kungoja wakubwa waamini, alipenya chini ya mkono wa Bwana Afya, akaingia, na nyuma yake wakamiminika wengine, mikono mbele, wakiwatafuta paka. Mama Mizani aliwafuata kwa macho, mmoja mmoja, huku midomo yake ikitaja jina la Mola wake kwa shukrani. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya kelele ile, wima kama aliyeingia darasani siku ya kwanza, akiwaelekeza watoto ni paka yupi anapenda kushikwa kidevu, na yupi hapendi kabisa.